Afya ya Nyumbani: Maumivu Yasiyoonekana katika Hadubini

Katika kila kituo cha afya cha nchi yetu ya Uganda, asubuhi ya siku yoyote ya kazi, yuko mama aliyeketi kwenye benchi na daftari la matibabu lililojaa maandishi. Amekwisha kuja mara tatu tangu mvua zianze. Mara ya kwanza alilalamika juu ya kichwa, akapewa dawa ya malaria. Mara ya pili ulikuwa mgongo, akapewa vidonge vya maumivu. Mara ya tatu alisema moyo wamwenda mbio usiku na usingizi hauji, akachomwa sindano ya vitamini. Leo anasema tu kwamba mwili mzima hauna nguvu. Damu yake imetazamwa katika hadubini na hakikuonekana kitu. Mganga, ambaye nje ya mlango wake wanangoja wagonjwa wengine hamsini, anaandika "malaria" kwa mara nyingine, kwa sababu hana budi kuandika neno fulani.

Mama huyo hasemi uongo, wala mganga si mvivu. Maumivu yapo kweli, ila chanzo chake hakimo kichwani wala mgongoni. Kama mama angaliulizwa, angalieleza kwamba kwa muda wa miezi miwili hajafurahia jambo lolote. Kwamba shamba la maharage ameliacha likamezwa na magugu, hali zamani yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuamka. Kwamba chakula anakila kwa kulazimishwa, naye huzinduka saa nane ya usiku akakodolea macho paa mpaka jogoo awike. Na kwamba amekwisha kujiambia moyoni kuwa watoto wake wangalilelewa vyema zaidi na mtu mwingine.

Ugonjwa huo umepewa jina la sonona. Si ile huzuni ya mtu aliyekosana na jirani, maana hiyo hupita, wala si machozi ya msiba, ambayo kila aliyefiwa ana haki nayo. Mganga huanza kuifikiria sonona pale huzuni, au kukosa hamu ya mambo yote, kunapodumu majuma mawili au zaidi, karibu kila siku, kukafuatana na kuharibika kwa usingizi, hamu ya chakula, nguvu na fikira, hata mtu akashindwa na kazi zake za kawaida.

Wasomaji wengi walisikiapo neno "ugonjwa wa akili" huwaza mara moja mtu apigaye kelele sokoni, na baada yake huiwaza Butabika, ile hospitali kubwa iliyofunguliwa mwaka 1955 karibu na ziwa, nje ya Kampala. Butabika ina kazi yake, na ni kazi ya lazima. Lakini mgonjwa wa sonona kwa kawaida hapigi kelele wala hamsumbui mtu. Amelala chumbani akiuelekea ukuta. Nani atakodi gari kumpeleka Kampala mtu aliyenyamaza?

Tofauti hiyo iliwahi kumpotosha hata mtaalamu. Daktari J. C. Carothers, aliyeongoza hospitali ya Mathari huko Nairobi tangu 1938 hadi 1950, aliandika kitabu kilichochapishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1953, akadai kwamba sonona ni adimu kwa Waafrika, kisha akatafuta sababu zake katika maumbile ya akili ya Mwafrika. Kasoro kubwa ya hesabu yake ilikuwa wazi: wagonjwa aliowaona ni wale walioletwa hospitalini, na walioletwa hospitalini ni wale waliosumbua wenzao. Mwaka 1979 John Orley na John Wing walitangaza matokeo ya uchunguzi wao katika vijiji viwili vya Uganda. Hawakungoja wagonjwa waletwe, bali waliwafuata watu walipo na kuwauliza. Wakakuta kwamba sonona katika vijiji hivyo ilikuwa nyingi kuliko ile iliyopatikana kwa wanawake wa mtaa wa Camberwell, London, walioulizwa maswali ya namna ile ile. Ugonjwa uliosemwa kuwa haupo ulikuwa umeketi nyumbani, ukichota maji na kuosha vyombo.

Wananchi wenyewe hawakungoja wataalamu ili waujue. Watafiti walipofika katika wilaya za Masaka na Rakai mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakati ukimwi ulikuwa umekwisha kuacha makaburi katika migomba ya karibu kila nyumba, waliwauliza wanakijiji ni shida zipi zimewapata kwa sababu ya balaa hilo. Watu wakataja, kwa Kiganda chao, okwekyawa, yaani mtu kujichukia, na okwekubagiza, yaani mtu kujisikitikia. Dalili walizozieleza zilifanana sana na zile zilizomo katika vitabu vya waganga. Mganga anayesema kwamba wagonjwa wake hawajui sonona ni nini, pengine ameuliza kwa lugha isiyo yao.

Basi ni nani atakayewatibu? Katika nchi kama Uingereza kila jamaa imeandikishwa kwa daktari wake, ambaye huwajua baba, mama na watoto kwa miaka mingi, na kwake ndiko wagonjwa wengi wa sonona hutibiwa bila kufika kwa bingwa. Sisi hatuna mpango wa namna hiyo. Hesabu ya watu ya mwaka 2024 ilituonyesha kuwa tumekaribia milioni 46, na madaktari bingwa wa akili katika nchi nzima hawafiki mia moja. Lakini tunaye tabibu wa kituo cha afya, tunaye muuguzi mkunga, tunaye yule tunayemwita musawo, ambaye alimzalisha mama, akawachanja watoto, na anajua kwamba mume alipoteza kazi mwaka jana. Huyo ndiye daktari wetu wa jamaa, hata kama cheti chake hakisemi hivyo. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2018, iliyoondoa sheria ya zamani ya wakoloni, imetambua kwamba matibabu haya yatolewe pia katika vituo vya afya vya msingi. Sheria imekwisha kuandikwa. Lililobaki ni yale mazungumzo ya dakika kumi chumbani mwa mganga, nayo ni magumu kuliko sheria.

Neno la kwanza ni swali la pili. Mganga akiuliza "Mama, habari za nyumbani?" atajibiwa "Nzuri, musawo," maana ndivyo adabu inavyotaka, na hata anayetoka kuzika husema nzuri kabla ya kusema alichojia. Mganga anayeishia hapo hajauliza kitu. Yule ajuaye kazi yake huweka kalamu mezani na kuongeza: "Na wewe mwenyewe, mama, moyo wako ukoje siku hizi? Yale uliyokuwa ukiyapenda, bado unayapenda?" Maswali mawili tu, juu ya huzuni na juu ya kukosa hamu, hutosha kumwonyesha kama yafaa kuendelea. Yako pia maswali tisa yaliyopangwa, yanayotumika katika nchi nyingi, ambayo muuguzi aweza kuyauliza wakati mgonjwa akingoja zamu yake. Mwandishi wa ukurasa huu huyapenda maswali hayo kwa sharti moja, kwamba anayeuliza amtazame mgonjwa usoni wala si karatasi.

Mwili nao usisahauliwe. Upungufu wa damu, ugonjwa wa tezi ya shingo, kifua kikuu, virusi vya ukimwi, pombe, na hata baadhi ya dawa zaweza kumletea mtu uchovu na huzuni. Mganga hana budi kuyapima anayoweza kuyapima. Lakini akishayapima na kuyaona salama, asimwambie mgonjwa "huna kitu". Hakuna maneno yanayomvunja moyo mtu wa sonona kama hayo. Amekuja kwa miguu maili sita, ameacha mtoto kwa jirani, anaambiwa hana kitu! Yafaa aambiwe kweli yenyewe: maumivu yako ni ya kweli, ugonjwa huu una jina, watu wengi huupata, haukuletwa na uvivu wala laana, na unatibika.

Kuna swali moja ambalo waganga wengi huliogopa, nalo ni kama mgonjwa amefikiri kujiua. Hudhani kwamba kulitaja ni kulitia akilini. Sivyo. Mtu mwenye mawazo hayo huwa ameyabeba peke yake kwa siku nyingi, na akiulizwa kwa upole, bila kuhukumiwa, mara nyingi hupata nafuu ya kwanza papo hapo. Kwetu woga huo una mizizi zaidi, maana Kanuni ya Adhabu tuliyoirithi kwa wakoloni ililiweka jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, basi mgonjwa humwogopa polisi, na jamaa huificha aibu. Mganga na awe mahali ambapo neno hilo laweza kusemwa. Akijibiwa "ndiyo", aulize tena kama mgonjwa amekwisha kupanga njia. Na kama amepanga, asimwache aende nyumbani peke yake.

Sasa juu ya dawa. Dawa za sonona zipo, na baadhi yake, kama fluoksetini na amitriptilini, si za bei ya kutisha, ingawa rafu za vituo vyetu huwa tupu mara kwa mara. Watu wengi huziacha kwa sababu hawakuelezwa jinsi zifanyavyo kazi. Hizi si kama dawa ya kichwa. Siku za kwanza mgonjwa aweza kuona kichefuchefu, kinywa kikavu au usingizi mzito, na nafuu yenyewe huja baada ya majuma mawili, matatu, au hata zaidi. Mama aliyetegemea kupona Jumamosi huzitupa Jumatatu. Na akishapona, inambidi aendelee kuzimeza kwa miezi tisa hadi kumi na miwili, kisha apunguziwe polepole kwa shauri la mganga, kwani kuzikata ghafula kwaweza kumrudisha alikotoka. Dawa hizi si za kila mtu. Kwa sonona iliyo nyepesi mazungumzo hutangulia, na mgonjwa aliyewahi kuwa na kipindi cha furaha isiyo na kiasi, akawa halali, akitapanya fedha na kusema mambo makuu, lazima amwambie mganga, maana huyo hutibiwa kwa njia nyingine.

Ama vidonge vya usingizi vya namna ya diazepamu, ambavyo hutolewa kama njugu katika maduka ya dawa ya mijini, hivyo haviponyi sonona. Humlaza mtu na ugonjwa wake, kisha humfanya asiweze kulala bila vyenyewe. Sindano ya vitamini nayo haidhuru sana ila mfuko.

Mganga anayelalamika kwamba hana dawa bado hajaishiwa na njia, na hapa nchi yetu imewafundisha wengine. Mwaka 2002, katika vijiji 30 vya Masaka na Rakai, ulifanyika uchunguzi ambao habari zake zimesomwa ulimwenguni kote. Vijiji vingine viliendelea kama kawaida. Katika vingine wagonjwa walikutana kwa makundi, wanawake peke yao na wanaume peke yao, dakika tisini kwa juma, kwa muda wa majuma 16. Viongozi wa makundi hawakuwa madaktari. Walikuwa watu wa sehemu zile zile, waliofundishwa kwa majuma mawili. Hawakugawa kidonge hata kimoja. Walizungumza juu ya mambo ambayo hasa huifungulia sonona mlango: kufiwa, ugomvi wa nyumbani, na maisha yaliyogeuka ghafula, kama mtu kupatwa na maradhi au mke kuletewa mwenzake. Kila mmoja alisema, wenzake wakasikiliza, wakatafuta pamoja hatua ndogo ya kufanya kabla ya mkutano ujao. Kabla ya kazi hiyo, watu 86 katika kila mia wa makundi walikuwa na sonona kamili. Ilipokwisha walibaki 6 au 7 katika mia. Katika vijiji visivyo na makundi walibaki karibu 55 katika mia. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa kuendesha makundi ya namna hiyo katika nchi nyingine.

Hata kaskazini, huko Gulu, Kitgum na Pader, ambako watu walitoka vitani wakiwa na majeraha yasiyofungwa bendeji, Daktari Etheldreda Nakimuli-Mpungu wa Makerere na wenzake waliijaribu njia inayofanana na hiyo katika vituo 30 vya afya, kwa watu wenye virusi vya ukimwi na sonona pamoja. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2020 yalionyesha kuwa miezi sita baada ya makundi kumaliza kazi, hata mmoja katika mia hakufika aliyekuwa bado na sonona kamili, hali kwa wale waliopata mafundisho ya afya tu, walikuwa 28 katika mia. Kundi lilikusanyika kwenye kituo kile kile ambako watu huchukua dawa zao za kila mwezi.

Kwa hiyo mganga asiye na nafasi ya kuzungumza saa nzima na kila mmoja aweza kufanya jambo jingine: kuwajua wagonjwa wake wa sonona kwa majina, kuwakutanisha, na kumpa muuguzi mmoja, au mjumbe wa afya wa kijiji, kazi ya kuwaongoza. Na zaidi ya yote, ampe mgonjwa siku ya kurudi. "Njoo Jumanne ijayo, nitakuwapo" ni maneno yenye nguvu kuliko wengi wanavyodhani. Mtu wa sonona huamini kwamba hakuna anayemngoja popote. Siku iliyoandikwa katika daftari lake ni ushahidi wa kinyume. Asipokuja Jumanne hiyo, atumwe mtu akamwulizie, maana kutokuja kwake kwaweza kuwa dalili.

Yako pia mambo yanayoihusu nyumba. Mgonjwa mwenyewe, uendapo kituoni, usianze na kichwa ukamalizia na kichwa. Anza na usingizi: "Musawo, tangu mwezi uliopita naamka usiku wa manane na sina hamu ya kitu." Sentensi hiyo moja itamwokoa mganga na vipimo vitatu. Ukiona haya kusema mbele ya wengine, omba mlango ufungwe. Ni haki yako. Ukiweza, nenda na dada au shoga unayemwamini, kwani mtu wa sonona husahau nusu ya maelezo kabla hajafika barabarani.

Waume nao wasijidhani kuwa wako nje ya habari hii. Mwanamume mwenye sonona mara nyingi haendi kituoni kabisa. Huenda kwenye waragi. Huwa mkali kwa watoto, hukaa nje mpaka usiku, huacha kufuatilia ng'ombe au duka lake, na jamaa husema amebadilika tabia. Mke anayeona mabadiliko hayo aweza kumfikia mganga kwa njia ya shinikizo la damu, akamshawishi bwana akapimwe. Mlango huo mwanamume huukubali. Mganga mwerevu atajua la kuuliza akishamfunga ule mkanda mkononi.

Mzazi mpya aangaliwe zaidi. Mama ambaye, majuma kadhaa baada ya kujifungua, hamtazami mtoto, analia bila sababu, au anasema mtoto angekuwa heri bila yeye, asiambiwe kwamba anadeka au kwamba amerogwa. Siku ya chanjo ya mtoto ndiyo siku ya kumwuliza mama habari zake, kwa kuwa kituoni amekwisha kufika.

Jamaa waombe sala, na wamwite mchungaji au shehe wakitaka. Hakuna mganga mwenye busara atakayekataza jambo linalompa mgonjwa faraja. Lakini sala isimzuie mtu kurudi kituoni Jumanne, wala asiambiwe kwamba kumeza dawa ni upungufu wa imani. Msimwambie "jikaze", kwa kuwa amekwisha kujikaza muda mrefu kuliko mjuavyo. Mpikieni, mtembee naye jioni mpaka kisimani na kurudi, mpeni kazi ndogo anayoweza kuimaliza. Na katika nyumba yenye mgonjwa wa namna hii, dawa ya kunyunyizia kahawa na nyanya isiachwe chini ya kitanda. Ipelekwe kwa jirani, au ifungiwe ghalani na ufunguo akae nao mtu mwingine. Vidonge vyake navyo vitunzwe na jamaa, naye apewe kwa siku, maana amitriptilini ikimezwa kwa wingi ni sumu ya moyo.

Akisema waziwazi kwamba anataka kufa, au akiacha kula na kunywa kabisa, au akianza kusikia sauti zinazomwamuru, hapo msingoje Jumanne. Mpelekeni siku ile ile katika hospitali ya rufaa ya mkoa, ambako kuna kitengo cha magonjwa ya akili, na mmoja wenu alale naye huko.

Juma lijalo, kwa kuitikia barua za wasomaji, tutaeleza habari za kifafa kwa watoto wa shule.